Kanda Tuliyoiita Mazishi

Asubuhi moja niliamka Kawempe, pembezoni mwa Kampala, nikafunga shuka na shati langu la pili ndani ya mfuko wa plastiki, nikatoka. Sikumuaga mtu. Sikuwa na safari, nilikuwa nimechoka tu, na pale nilipopanga chumba mtu akiaga bila kutaja anakokwenda watu huanza kukagua masufuria yao. Nilitembea hadi mahali malori yanapopakia sabuni na chumvi za kupeleka magharibi. Dereva mmoja alikuwa amekosa mtu wa kupiga naye soga njiani.

"Unaenda wapi, ssebo?"

"Huko unakoenda."

Alichukua mfuko wangu, akaufungua, akaona shuka, akaufunga tena. "Panda," alisema, "lakini kaa pale ninapoona mikono yako."

Tulipofika Mityana alikuwa ameshaniuliza kabila langu, dini yangu, niliacha shule darasa la ngapi, na Kiswahili hiki nilijifunzia kambi gani. Nilimwambia nilikiokota barabarani, kwa madereva kama yeye. Hakuamini, na sikumlaumu. Maswali hayohayo niliwahi kumuuliza mtu mwingine kwa miaka, na majibu yake sikuyaamini hata moja.

Mtu huyo tulimwita Fundi. Alikuwa na jina, lakini sitaliandika kwa sababu sina hakika kama lilikuwa lake. Alikuwa na chumba cha kunakili kanda Katwe, upande mwingine wa Kampala, katikati ya karakana za wachomeleaji, na kwake ndipo nilipojifunza kusikiliza. Mimi niliacha shule mapema. Sikujifunza hesabu za maana wala historia ya nchi yangu. Kitu pekee nilichofundishwa mpaka nikakielewa ni namna ya kusikiliza muziki wa metali, ule wa magita yanayonguruma na ngoma zinazokimbizana, na aliyenifundisha ni yeye. Kwa hiyo nilipopata sababu ya kudhani kwamba alikuwa akituchezea makusudi, jambo hilo halikuniuma kama lilivyowauma wengine. Liliniuma zaidi. Kama alikuwa anatucheka, basi hata hicho kimoja nilichokijua hakikuwa kitu.

Chumba chake kilikuwa chembamba, na mlangoni palikuwa na ngazi ya zege ya kuzuia maji, maana mvua ikinyesha Katwe maji yote ya vilima huteremkia kule. Ndani alikuwa na deki mbili za kanda, spika mbili zilizopasuka kitambaa, na rafu moja ya chuma aliyochomelewa na Ssali, fundi wa mageti wa karakana ya jirani. Kazi iliyomlisha ilikuwa kunakili rumba za Kongo, nyimbo za injili na mahubiri. Metali haikumlisha. Kwa metali alikuwa na boksi lake la mbao chini ya meza, na alilitoa Jumapili alasiri tu, nyundo za Katwe zikiwa zimenyamaza.

Tulikuwa wanne tuliokuja kila Jumapili. Ssali alikuja akiwa bado na vumbi la chuma kwenye nyusi. Nakato aliuza chai na chapati kando ya barabara, akaingia siku moja kudai vikombe vyake na hakutoka mpaka kanda ilipokwisha. Papa Riziki alikuwa Mkongo wa Butembo, mfanyabiashara wa vitenge, mtu wa kanisa, aliyesali asubuhi na kuja kwetu mchana bila kuona tatizo. Wa nne ni mimi. Tulizungumza Kiswahili kwa sababu ya Papa Riziki, na kwa sababu Fundi, ingawa Kiganda alikielewa vizuri sana, hakukisema hata kwa bahati mbaya.

Hilo lilikuwa la kwanza kututia shaka. Vita ilikuwa imekwisha na jeshi la zamani limekimbia, lakini Kampala watu walikuwa bado wanatazamana miguu kutafuta alama za buti. Kiswahili masikioni mwa wengi kilikuwa lugha ya kizuizi cha barabarani. Mtu aliyekisema vizuri alikuwa amekipata mahali, na mahali penyewe palijulikana. Fundi alikisema bila kukwama, kwa sauti ya chini, na daima alivaa mikono mirefu iliyofungwa vifungo hata jua lilipochemsha mabati.

"Anaficha chale," alisema Ssali.

"Anaficha risasi," alisema Nakato.

"Mi naona anaficha mikono ya kukonda," alisema Papa Riziki. "Wacheni mutu avae shati yake."

Siku moja mtu alisimama mlangoni akaomba kuelekezwa Mbuya, kule kilimani kwa wanajeshi, alikuwa na ndugu yake wa kumtembelea. Fundi, akiwa ameinamia deki, akamwelekeza: panda hivi, pita ukuta wa mawe, usiende geti la kwanza, hilo ni la magari, nenda lile la pili. Mtu yule alipoondoka Ssali akauliza, "Fundi, si ulisema hujawahi kufika Mbuya?"

"Sijafika."

"Na geti la pili?"

"Nilipita. Kupita si kufika."

Alisema hivyo bila kuinua uso, akaendelea kusafisha deki kwa pamba na spiriti. Tuliligeuza jibu hilo wiki nzima kama watu wanaochambua mchele.

Hata kanda zenyewe hatukujua alizitoa wapi. Boksi lilikuwa na kanda kama thelathini za metali, nyingi zikiwa nakala zisizo na maandishi wala picha. Ukimuuliza alisema, "Mwenyewe aliziacha." Aliziacha wapi? "Nyumbani kwake." Yuko wapi? "Ameondoka." Katika mji ambao watu wengi waliondoka wakiacha milango wazi, na wengine wakaingia kwa milango hiyo, jibu kama hilo halikumsafisha mtu.

Kwa kuwa kanda hazikuwa na majina, tulizipa sisi. Tulikuwa na Treni, ambayo ngoma zake zilikwenda kama mabehewa. Tulikuwa na Nyuki, yenye magita mawili yaliyozungukana. Tulikuwa na Chapati, ambayo Nakato aliipa jina hilo kwa sababu ilipigwa kofi pande zote mbili. Na kazi yetu ya Jumapili ilikuwa kuzipanga: ipi ni bora, ipi inafuata. Hatukuandika popote. Fundi alizilaza kanda kumi za juu kwenye rafu, moja juu ya nyingine, kama mnara, ya kwanza kileleni. Ukitaka kanda ipande, ulilazimika kuisikiliza yote, upande wa kwanza na wa pili, bila kusema neno, wengine wakikutazama. Ukikohoa sana ulianza upya wiki iliyofuata. Baada ya hapo ndipo ulipotetea hoja yako, na kanda ilipanda kama hakuna aliyepinga.

"Treni ikae chini ya Nyuki?" Nakato alisema Jumapili moja, chupa ya chai bado mkononi. "Banange, mmerogwa!"

"Nyuki ina magita mawili yanagombana," alisema Ssali. "Treni ina moja tu, inalia."

"Wewe ndiye unalia. Mchana kutwa unapiga chuma, masikio yamekufa, halafu unakuja kutuhukumia muziki."

"Mi nasikia ile ngoma ya Treni sawa vile moyo ya mutu mwenye kukimbia," alisema Papa Riziki. "Nilikimbia, najua."

"Ni nzuri," nikasema mimi.

Fundi alinigeukia. Neno hilo hakulipenda. "Usiniambie ni nzuri. Niambie inafanya nini."

Aliyejibu alikuwa Nakato. "Inanibeba. Mimi na chupa zangu na mkaa wangu, inatubeba wote, wala haishuki kasi."

Fundi alisubiri. Hakuna aliyepinga, hata Ssali, ambaye alitazama dari. Ndipo Fundi alipoinua kanda kwa mikono miwili, kama mtu anayebeba sahani iliyojaa mchuzi, akaihamisha. Hakuwahi kupiga kura. Alisema kazi yake ni kuinua na kushusha tu.

Mambo yake mengi hayakukubaliana. Alisikiliza muziki wenye kelele kuliko wote duniani, lakini mtoto akipiga kopo nje alitoka kumwomba aache. Ijumaa nyingine alionekana msikitini, Jumapili nyingine asubuhi alionekana kanisani, na alipoulizwa alisema spika za kote huko ni mbovu na wamemwita kutengeneza. Alikunywa chai bila sukari kisha akalamba sukari kijikoni. Hakukubali kupigwa picha. Mpiga picha wa mtaani alipokuja na kamera yake ya kuning'iniza shingoni, Fundi alikumbuka kazi iliyomngoja chini ya meza.

Na kulikuwa na jambo la mhubiri. Jirani na karakana ya Ssali kulikuwa na kanisa la mabati, na mhubiri wake alisema hadharani kwamba muziki wa Jumapili ya Fundi ni mwito wa mashetani. Mhubiri huyohuyo alileta mahubiri yake kunakiliwa kwa Fundi, kwa kuwa Katwe nzima hakukuwa na sauti safi kama yake. Siku moja waumini wakaja mbio. Katikati ya mahubiri, mhubiri aliponyamaza kuvuta pumzi, kulisikika chini kabisa kitu kikinguruma.

"Ni yeye!" mama mmoja alipiga kelele. "Ni shetani anamjibu mchungaji!"

Fundi aliweka kanda, akasikiliza kwa utulivu. Aliwaambia ni kanda iliyotumika zamani, sauti ya kale haikufutika vizuri. Waliondoka nusu wakiamini. Baadaye Ssali alimuuliza, akajibu kwamba ni waya wa umeme uliopita karibu. Majibu mawili kwa swali moja. Nilipomkumbusha la kwanza alinitazama kwa muda mrefu kuliko swali lilivyostahili.

"Wewe," alisema, "unatunza maneno ya watu."

Nilidhani ananisifu.

Sasa nifike kwenye Mazishi. Kanda hii ilikaa kileleni mwa mnara tangu nilipoanza kwenda kwa Fundi, na hakuna aliyewahi kujaribu kuishusha. Ilikuwa nzito kupita zote. Mwimbaji alikuwa na sauti ya mtu aliyezikwa hadi kifuani. Magita yalijikokota kama jeneza linalopandishwa kilima. Na upande wa pili, kwenye wimbo wa mwisho, kilitokea kitu ambacho hatukukisikia kwenye kanda nyingine yoyote: muziki wote ulianza kuzama. Kidogo kidogo ngoma zilichelewa, sauti ikashuka, ikashuka tena, mpaka mwimbaji hakuwa mtu tena, alikuwa ardhi inayozungumza. Kisha kimya.

Mara ya kwanza kuusikia mwisho ule Papa Riziki alivua kofia. Nakato alisema kwamba hao waliopiga wamewahi kukaa na mgonjwa wa kufa, mtu hawezi kubuni jambo lile. Ssali alikuwa na hoja ndefu kuhusu namna wapiga vyombo sita, kwa hesabu yake, walivyoweza kupunguza mwendo pamoja bila mmoja kumtangulia mwenzake. Mimi nilifunga safari za peke yangu hadi Jinja na Masaka nikitafuta mtu aliyewahi kuisikia, nikiwaimbia wauza kanda kwa mdomo. Hakuna aliyeitambua.

Fundi alisikiliza hoja zetu zote juu ya mwisho ule, Jumapili baada ya Jumapili, akitikisa kichwa polepole. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana.

Papa Riziki ndiye aliyeileta ile nyingine. Alikwenda Nairobi kununua vitenge, akakuta kanda halisi kwenye kibanda, yenye karatasi yake na picha ya vijana wanne wenye nywele ndefu na suruali za kubana za rangi za pipi. Aliisikiliza dakika moja kibandani, akashtuka, akainunua. Jumapili hiyo aliingia bila salamu.

"Fundi, weka hii. Kwanza weka, tutaongea nyuma."

Ilikuwa Mazishi. Maneno yaleyale, nyimbo zilezile kwa mpangilio uleule. Lakini ilikimbia! Mwimbaji alikuwa kijana mwenye sauti nyembamba, karibu msichana. Magita yaliruka. Na wimbo wa mwisho, ule tuliouvulia kofia, haukuzama popote. Ulikwenda kasi hadi mwisho, ukamalizika kwa kishindo, na mmoja wa wale vijana akasikika akicheka.

"Hii ni harusi," alisema Ssali. "Tumekuwa tukililia harusi."

Nakato alishika mdomo. Kisha alimgeukia Fundi. "Mashine yako ilikuwa inazunguka polepole. Si ndiyo? Siku uliyonakili, mashine ilikuwa inachoka."

Fundi alianza kukunja waya wa deki.

Ssali alinyoosha mkono, akaichukua Mazishi kutoka kileleni, jambo ambalo hakuna aliyewahi kufanya isipokuwa Fundi, akaigeuza. Kila kanda ina vijino viwili vya plastiki mgongoni. Ukivivunja, haiwezi kurekodiwa tena juu yake. Fundi alivunja vijino vya kila kanda aliyoithamini, hiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza kabla hata ya kutuonjesha. Vya Mazishi vilikuwa vizima.

"Hukuvunja," alisema Ssali. "Kanda ya kwanza ya mnara, na hukuvunja. Ulitaka kuifuta. Ulijua ni mbovu tangu siku ya kwanza."

"Ulijua?" nikauliza mimi.

Fundi aliitazama kanda mkononi mwa Ssali, akawatazama Nakato na Papa Riziki, mwisho akanitazama mimi niliyekaa mlangoni kama kawaida. Niliona anataka kusema. Mdomo ulifunguka. Kisha aliichukua kanda, akaitia mfukoni mwa shati, akazima deki.

"Leo nafunga mapema," alisema.

Wiki mbili hatukwenda. Mtaani kulikuwa na habari za kutosha. Nakato alisema mtu aliyeweza kutikisa kichwa miaka yote huku watu wanalia juu ya mashine mbovu, huyo anaweza lolote. Ssali alisema hata mnara wenyewe hana imani nao tena, nani ajuaye kama Treni ni Treni. Papa Riziki alijilaumu kwa kuileta ile kanda. Mimi nilikwenda peke yangu siku ya tatu ya wiki ya tatu, nikakuta mlango wazi na chumba kitupu. Rafu ilikuwepo. Ssali aliing'oa akatengenezea dirisha la mtu.

Baada ya hapo habari zake zilikuja kama habari za watu wa aina yake zinavyokuja. Mmoja alimwona Gulu. Mwingine aliapa kwamba amefungwa. Papa Riziki, miaka kadhaa baadaye, alisema amesikia kwa wauza maharagwe kwamba kuna mzee anatengeneza redio Mpondwe, mpakani na Kongo, na Jumapili alasiri anapiga kelele za ajabu. Sikuweka habari hiyo popote kichwani. Ndivyo nilivyodhani, hadi dereva wa lori aliposimama siku ile alasiri, akasema, "Mwisho wa barabara yangu," na nikaona kibao cha Mpondwe.

Sikuhangaika kumpata. Kibanda kilikuwa nyuma ya soko, redio zilizofunguliwa matumbo zimepangwa mezani. Nywele zilikuwa nyeupe. Mikono ya shati ilikuwa imekunjwa hadi kwenye viwiko, na mikono yenyewe ilikuwa myembamba, misafi, bila chale wala jeraha. Papa Riziki alikuwa amesema kweli.

Aliniona, akaweka bisibisi chini. Hakusimama.

"Nani kakutuma?" aliuliza.

"Hakuna."

"Umekuja na nani?"

"Na lori la chumvi."

Alichungulia nyuma yangu, akaitazama barabara yote, juu na chini. Kisha akasukuma kigoda kwa mguu. "Kaa. Si hapo mlangoni. Hapa."

Nilikaa. Nilikuwa na maneno mengi niliyoyapanga miaka yote hiyo, lakini lililotoka lilikuwa lile moja. "Ulijua?"

"Tangu siku ile niliyonakili," alisema. "Umeme ulikuwa umekatika. Deki ya kupigia niliifunga kwenye betri ya gari. Ya kurekodia ilikuwa redio ya kanda yenye mawe mapya, hizi betri ndogo. Betri ikawa inakufa, deki inazidi kuchelewa, redio inarekodi vilevile. Nilisikia kabisa. Nikasema nitaifuta kesho."

"Mbona hukutuambia? Tungecheka, ingekwisha."

"Mngecheka. Halafu ungeuliza, betri ya nani."

"Mimi?"

"Wewe. Ilikuwa betri ya kijani ya jeshi, ina namba nyeupe ubavuni. Niliinunua kwa askari siku zile wanavua magwanda wanakimbia. Vitu hivyo vilikuwa vinasakwa. Waliokutuma wangeniuliza nimeitoa wapi, kisha nilikuwa wapi siku hiyo, kisha nilikuwa na nani. Nilishaona watu wanaanza kwa betri na hawarudi."

"Lakini mimi nilikuwa rafiki."

Alicheka kidogo, bila furaha. "Ssali nilimjua tangu anavaa kaptula. Nakato nilimjua mama yake. Riziki ni mgeni, lakini alikuwa na vitenge, unaona anauza nini. Wewe ulikuwa unauza nini?"

Nilifikiri. "Sikuwa nauza kitu."

"Basi. Kijana hana kazi, hana kwao, Kiswahili kimenyooka, anakaa mlangoni kila Jumapili na kuuliza. Umetoa wapi kanda, Fundi. Umejifunza wapi kusema, Fundi. Jana ulisema hivi, leo mbona unasema vile. Siku nyingine unapotea, unasema ulikwenda Jinja, ulikwenda Masaka. Kufanya nini? Kutafuta kanda! Nani angeamini?"

Ilikuwa kweli kwamba nilikwenda kutafuta kanda, na ilikuwa kweli pia kwamba hakuna mtu mwenye akili ambaye angeamini.

"Kwa hiyo majibu yote yale," nikasema, "geti la pili, waya wa umeme..."

"Waliuliza wao, nilikuwa nakujibu wewe."

"Na sisi tunatikisiwa kichwa, tunalia juu ya betri. Ulikuwa unatucheka?"

"Nilikuwa naogopa," alisema. "Ningecheka saa ngapi?"

Alifuta meza kwa kiganja ingawa haikuwa na vumbi. Aliniambia Kiswahili alikipata kwa mama yake wa kambo, muuza mafuta ya taa, mtu wa Pwani. Aliniambia Mbuya alipeleka spika za harusi ya ofisa fulani, akazuiwa geti la kwanza. Maelezo yalikuwa mazuri, kila moja likikaa mahali pake, na kwa sababu hiyo sikuyapenda. Mtu aliyepewa miaka ya kutosha anaweza kutengeneza maelezo kama anavyotengeneza redio. Nikamwomba anipigie Mazishi, angalau nisikie tena ule mwisho, nijue kama betri ndiyo kweli.

"Haipo. Niliifuta nilipofika hapa. Nimerekodi kwaya ya watu wa ng'ambo ya mto, upande wa Kongo."

"Nakala?"

"Ilikuwa moja tu."

"Basi siwezi kuhakikisha."

"Huwezi," alisema. "Hata mimi kwako siwezi."

Nje wanawake walikuwa wanafunga biashara, wakirudisha nyanya kwenye beseni. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya milima ya Kongo na nilikuwa sijajua nitalala wapi. Hakunikaribisha kwake, wala sikutegemea. Alinionyesha tu nyumba ya wageni mkabala na soko, nikamshukuru, nikachukua mfuko wangu.

Mwenye nyumba ya wageni alikuwa mama mnene aliyekaa mlangoni na ufunguo mmoja mapajani. Siku zile kulikuwa na habari za waasi milimani, na Mpondwe mgeni alipokelewa kwa macho kabla ya mdomo. Alinitazama viatu.

"Nani anakujua hapa?"

Nilisema nimetoka Kampala.

"Sijauliza umetoka wapi, ssebo. Nimeuliza nani anakujua hapa. Mwenyekiti wa mtaa akija, nimwambie nimelaza nani? Bila mtu wa kusimama nawe, sina chumba."

Nilikuwa naanza kugeuka nilipomwona Fundi anavuka barabara. Alitembea polepole, bisibisi bado mkononi, akasimama kando yangu akiwa amemtazama yule mama, mimi hakunitazama kabisa.

"Namjua mimi," alisema.

"Unamjua vizuri, mzee? Mambo siku hizi si mchezo."

Aligeuza bisibisi kiganjani, mara mbili, mara tatu. Kama angeondoka wakati ule nisingeshangaa.

"Anauliza sana," alisema. "Lakini akiharibu, njoo unikamate mimi."

Yule mama alitutazama wote wawili, kisha akanipa ufunguo, akamwita msichana alete maji ya kuoga.